Kasha la lita 11: shajara ya kuipa kompyuta ndogo hewa

Shajara hii ni kwa yeyote mwenye kompyuta ndogo ya mezani inayonguruma na kuchemka, ambaye ameshaambiwa "ongeza feni" na bado haijasaidia. Naandika kila hatua inapokamilika. Hatua za kawaida nazipitia haraka. Niliyokosea nitayaeleza kwa urefu, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza.

Mashine yenyewe: prosesa ni Ryzen 5 5600X, kadi ya grafiki ni RTX 3060 ya feni mbili, mazabodi (bodi kuu) ni ya Mini-ITX (milimita 170 kwa 170), pawa saplai ni ya SFX (umbo dogo), na SSD ya M.2 (diski ya kuhifadhia data) imekaa mgongoni mwa mazabodi. Kasha lina upana wa sentimita 15, urefu wa 33 na kimo cha 22, jumla lita 11 kasoro kidogo. Katikati limegawanywa na bamba la alumini: upande mmoja mazabodi na pawa saplai, upande wa pili kadi, na kadi inaunganishwa kwa waya bapa unaopita chini ya bamba. Vifuniko vya ubavuni vyote viwili vina matundu. Kasha lilikuja bila feni hata moja.

8 Februari 2025: Kupima kabla ya kugusa

Siku nzima ya leo sikufungua skrubu hata moja kwa ajili ya kurekebisha. Nilipima tu. Naomba anayefuata kazi hii asiruke hatua hii, maana bila namba za mwanzo hutajua kama unajenga au unabomoa.

Utaratibu nilioupanga ni huu: prosesa na kadi zote zinapewa mzigo kamili kwa dakika 30, kisha nasoma joto la dakika tano za mwisho. Kipimajoto cha chumba kiko mita moja kutoka kwenye kasha, na kila namba naiandika kama nyuzi juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 27 leo na 23 wiki ijayo, namba tupu za prosesa hazilinganishiki, lakini tofauti inalinganishika.

Kitu cha pili kilinipotezea saa mbili kabla sijakielewa. Joto la kadi lilikuwa linasimama nyuzi 83 kila nilipojaribu, hata nilipozuia matundu kwa makusudi kwa kipande cha boksi. Nikadhani kihisi kimekufa. Kumbe kadi inailinda namba ile: ikipata joto, feni zake zinaongeza kasi, na zikishindwa kadi inajipunguzia kasi ya kazi. Ukitazama joto peke yake utadhani hakuna kilichobadilika. Basi nikafunga feni za kadi kwenye asilimia 65 na feni ya prosesa kwenye asilimia 70, na hazitabadilika mpaka majaribio yaishe.

Namba za mwanzo, chumba kikiwa nyuzi 27: prosesa +64, yaani 91 kamili, na kikomo chake ni 95. Kadi +57. SSD +46.

Kisha majaribio mawili mafupi ambayo naona yana thamani kuliko feni yoyote utakayonunua. La kwanza, niliondoa vifuniko vyote viwili vya ubavuni: prosesa ikashuka hadi +51, kadi +45. Hapo nikajua vipoza vyenyewe (vyuma vyenye mapezi na feni vinavyoondoa joto) ni vizima na pesti ya joto (inayopitisha joto kutoka chipu hadi kipoza) haina tatizo. Kosa liko kwenye kasha. La pili, nilirudisha vifuniko nikaipa prosesa mzigo peke yake, kadi ikiwa imetulia: +50. Kwa hiyo nyuzi 14 za prosesa si zake, ni za kadi. Prosesa yangu ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kupikwa na jirani yake.

Gharama ya leo: saa sita na daftari kurasa mbili.

9 Februari: Feni mbili chini, na karibu hakuna kilichotokea

Sakafu ya kasha ina nafasi ya feni mbili za milimita 120, mradi ziwe nyembamba za unene wa milimita 15. Nilikuwa nazo mbili. Nikazifunga zikivuta hewa ndani kutoka chini, kwa hoja kwamba hewa baridi iko chini na ya moto hupanda. Matokeo: prosesa +63, kadi +56. Nyuzi moja moja kwa kazi ya mchana mzima, na mlio umeongezeka.

Nilitaka kuagiza feni zenye nguvu zaidi usiku uleule. Badala yake nikachukua karatasi na kufanya hesabu, na hesabu ikanizuia.

Hewa hubeba joto kwa kanuni rahisi: kila mita moja ya ujazo kwa saa inaondoka na takriban wati 0.34 kwa kila nyuzi moja inayopanda joto. Kadi yangu inakula wati 170, prosesa 76, na vilivyobaki tuseme 40. Jumla wati 286. Nikikubali hewa itoke ikiwa na joto la nyuzi 10 juu ya ile iliyoingia, nahitaji mita za ujazo 84 kwa saa. Boksi la feni linaahidi kiasi hicho na zaidi kwa feni mbili. Lakini namba ya boksini hupimwa feni ikiwa hewani, hakuna kitu mbele wala nyuma yake. Ndani ya kasha feni inasukuma dhidi ya matundu, nyaya na mabati, na inapata sehemu tu ya ahadi ile.

Nikalala nikijiuliza kizuizi changu kiko wapi.

15 Februari: Miguu

Kizuizi kilikuwa chini ya miguu ya kasha, kwa maana halisi. Miguu ya mpira iliyokuja nalo ina kimo cha milimita 8. Mzingo wa kasha ni sentimita 96. Zidisha kwa 0.8: mlango wote wa hewa chini ya kasha ni sentimita za mraba 77. Nafasi wazi ya mapanga ya feni moja ya milimita 120, ukitoa kitovu, ni kama sentimita za mraba 93, kwa hiyo mbili ni 186. Feni zangu zilikuwa zinapumulia kwenye tundu la chini ya nusu ya midomo yao. Hata feni kubwa kiasi gani isingesaidia.

Nilitengeneza miguu mipya ya milimita 25 kwa vipande vya mbao ngumu, nikabandika mpira chini. Jaribio la kwanza la miguu lilishindwa: niliibandika kwa gundi peke yake, na nilipolivuta kasha mezani mguu mmoja wa nyuma ukang'oka, kasha likapiga meza kwa kona. Hakuna kilichovunjika, ila moyo uliruka. Sasa kila mguu umeshikwa na skrubu kupitia tundu lilelile la mguu wa zamani.

Matokeo: prosesa +60, kadi +52. Kwa mara ya kwanza namba zimesogea kwa maana. Ila bado niko mbali na zile za vifuniko wazi, na hilo linanisumbua. Feni mbili zinapuliza ndani, kuna matundu kila mahali, hewa inakwenda wapi?

Gharama: vipande vinne vya mbao, skrubu nne ndefu, jioni moja.

16 Februari: Uzi

Kifaa bora kuliko vyote katika mradi huu ni uzi wa pamba wa kushonea. Nilikata kipande cha sentimita nne, nikakichambua mpaka kikabaki unyuzi mmoja mwepesi, nikakibandika kwenye ncha ya kijiti cha mshikaki. Mashine ikiwa kwenye mzigo nikaupitisha unyuzi polepole mbele ya kifuniko cha upande wa kadi, tundu kwa tundu, nusu sentimita kutoka kwenye bati.

Katikati ya feni ya kadi uzi uliingia ndani na kung'ang'ania tundu, kama nilivyotarajia. Nikausogeza kulia sentimita tatu. Uzi ukageuka, ukanyooka kuelekea kwangu. Hewa ilikuwa inatoka pale, na nilipoweka kiganja ilikuwa ya moto. Nikarudisha sentimita tatu kushoto, uzi ukavutwa tena. Nilikaa hapo dakika nyingi nikiusogeza huku na huku, kwa sababu tatizo lote lilikuwa linaonekana kwa macho kwa mara ya kwanza.

Kilichokuwa kinatokea: feni za chini zinajaza kasha, shinikizo la ndani linapanda, na hewa ya moto inatoka kwenye tundu lolote lililo karibu. Tundu la karibu ni la kifuniko kilekile ambacho kadi inavutia. Hewa inatoka ikiwa moto, inapinda, inanywewa tena. Upande wa prosesa hali ni ileile. Nilikuwa nimeongeza hewa baridi kidogo kutoka chini, lakini hewa ya moto ilikuwa haiondoki, inazunguka.

Nikazihamisha feni zote mbili kutoka sakafuni hadi darini, zikitoa nje. Sasa kasha linavuta kwa ubavu zote mbili na kwa sakafu, na kutoka ni juu tu. Nikapitisha uzi tena: kila tundu la ubavuni linavuta, isipokuwa safu mbili za juu kabisa upande wa kadi ambako uzi unasitasita.

Prosesa +55, kadi +49. Feni zilezile, kasi ileile, zimebadilishwa mahali tu.

Kuna watakaouliza kuhusu vumbi, kwa kuwa kasha linalovutwa kuliko kujazwa hunyonya vumbi kwenye kila ufa. Ni kweli, na nitalirudia mwezi wa nne nikifika kwenye vichujio. Na miguu mirefu haikupotea bure. Sakafu bado ni mlango wa hewa, ila sasa hauna feni.

22 Februari: Sponji, na feni iliyokufa

Hii ndiyo hatua niliyoilipia.

Safu zile mbili ambako uzi ulisitasita zilinionyesha kwamba hewa bado inarudi, safari hii ndani kwa ndani. Kati ya feni ya prosesa na kifuniko cha ubavuni kuna nafasi ya milimita 18. Feni inapovuta, haina sababu ya kuvuta kutoka nje pekee. Inavuta pia kutoka pembeni, kupitia nafasi ile, hewa iliyotoka kwenye mapezi ya kipoza chake sekunde moja iliyopita. Upande wa kadi nafasi ni milimita 12 na hadithi ni moja. Dawa ni kuziba pembeni: pete ya povu kuzunguka feni, inayogusa kifuniko, ili feni isiwe na njia nyingine ila matundu ya nje.

Nilichukua sponji laini la kupakia vifaa, unene wa milimita 25, nikakata tundu la duara la milimita 92 sawa na feni ya prosesa, nikalibandika kwenye fremu ya feni kwa mkanda wa gundi pande mbili. Kifuniko kikalibana vizuri. Dakika kumi za kwanza zilikuwa nzuri mno: joto linashuka huku natazama.

Kisha nikasikia tk, tk, tk. Halafu krrr fupi, na kimya. Kwenye skrini mizunguko ya feni ya prosesa ilisoma sifuri, joto likapanda hadi 95 na prosesa ikajishusha kasi kama ilivyoundwa kufanya. Nikazima umeme na kufungua.

Makosa matatu yalikutana. Sponji la milimita 25 lililobanwa kwenye nafasi ya 18 halina pa kwenda ila kuvimba kuelekea katikati, kwenye mapanga. Tundu nililikata sawa kabisa na feni, bila milimita hata moja ya akiba. Na gundi ya mkanda ililainika kwa joto, sponji likateleza kidogo upande mmoja. Panga moja lilikuwa limenyofoka kwenye ncha, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Feni bado inazunguka lakini inatetemeka kasha zima, kwa hiyo haifai tena.

Gharama: feni moja ya milimita 92, na wiki nzima ya kungojea nyingine.

1 Machi: Povu gumu

Safari hii nimetumia povu gumu la EVA, lile la mikeka ya mazoezi. Halinywi hewa na halivimbi ovyo. Vipimo, kwa anayetaka kunakili:

Unene milimita 18 kwa prosesa, na 12 kwa kadi, yaani sawa na nafasi, bila kubana zaidi ya nusu milimita. Nilipata 18 kwa kubandika tabaka la 10 na la 8 pamoja kwa gundi ya viatu na kuacha likauke usiku kucha. Kipande cha nje ni mraba wa milimita 110, na tundu la ndani ni duara la milimita 96, mbili zaidi kila upande kuliko mapanga. Halibandikwi kwenye feni hata kidogo. Limebandikwa kwenye kifuniko, kwa ndani, ili likiteleza siku moja lianguke mbali na mapanga. Upande wa kadi pete ni moja ndefu inayozizunguka feni zote mbili, na ukuta mdogo katikati yake.

Kuhakikisha povu linakutana na feni mahali panapotakiwa, nilipaka chokaa ya ubaoni kwenye ukingo wa fremu ya feni, nikafunga kifuniko, nikafungua. Alama nyeupe kwenye povu zilionyesha nimekosea kwa milimita tatu kuelekea nyuma. Nikang'oa na kubandika upya. Kisha nikaizungusha feni kwa kidole, kasha likiwa limefungwa, kwa kupitisha kijiti kwenye tundu: hakuna kinachogusa.

Prosesa +45. Kadi +43.

Namba hizi zimepita hata zile za vifuniko wazi, jambo ambalo mwanzoni sikuliamini, nikarudia jaribio mara mbili. Maelezo ni kwamba hata vifuniko vikiwa wazi, kipoza kinavuta sehemu ya hewa yake yenyewe inayopinda pembeni. Pete inakataza hilo kabisa. Na jaribio lile la prosesa peke yake limenipa furaha kubwa kuliko yote: +43 kadi ikiwa imetulia, +45 kadi ikiwa kwenye mzigo. Zile nyuzi 14 za jirani zimebaki 2.

8 Machi: Pawa saplai na nyaya

Kwa ufupi. Pawa saplai ilikuwa imefungwa feni yake ikitazama bamba la kati, yaani ikivuta hewa kutoka tumboni mwa kasha. Nimeigeuza itazame matundu ya kifuniko. Skrubu nne. Feni yake, ambayo zamani ilikuwa haizimi wakati wa mzigo, sasa inajiwasha na kujizima.

Nyaya zake ni ndefu kwa kasha hili na zilikuwa zimekunjwa kama furushi mbele ya kipoza cha prosesa. Nimezipanga bapa kando ya ukingo wa chini kwa vifungo vya plastiki. Prosesa imeshuka nyuzi moja, kadi haikubadilika. Nilitegemea zaidi. Naliandika hivyo ili mtu asinunue nyaya fupi maalumu akidhani zitamwokoa. Nunua kwa ajili ya urahisi wa kufunga, joto litakushukuru kidogo tu.

15 Machi: SSD na ngozi ya plastiki

SSD ilikuwa imebaki +43, nyuma ya mazabodi ambako hakuna feni inayofika. SSD nyingi za aina hii zimepewa kikomo cha kazi cha nyuzi 70, na chumba changu kikiwa 27 nafika palepale. Wazo: kuigusisha na bamba la alumini la katikati kwa pedi ya joto, bamba liwe kipoza chake.

Kujua unene wa pedi nilifinyanga donge dogo la udongo laini, nikaliweka juu ya chipu, nikafunga mazabodi mahali pake, nikafungua na kulipima lilivyobanwa: milimita 2.6. Nikachagua pedi ya milimita 3, inayobanwa kidogo tu. Pedi nene kupita kiasi inaipinda SSD, na sikutaka kuvunja chipu kwa ajili ya nyuzi chache.

Nikafunga, nikapima: +42. Nyuzi moja. Nikahangaika siku mbili. Nilibadilisha mahali pa pedi, nikaongeza tone la pesti, nikalisugua bamba kwa sandpapa nikidhani rangi yake inazuia joto. Siku ya tatu niliishika pedi chini ya taa ili niikate ndogo zaidi, nikaona ukingo mmoja unang'aa. Ngozi nyembamba ya plastiki ya kukinga gundi ilikuwa bado upande wa chini. Pedi hizi huja na ngozi pande zote mbili. Upande wa juu ni ya buluu na inaonekana, wa chini haina rangi kabisa.

Baada ya kuibandua: SSD +32.

Bamba sasa linapata joto kidogo kutoka SSD na mgongo wa kadi pia, lakini liko kwenye njia ya hewa inayopanda kwenda darini, na sijaona prosesa ikilalamika.

23 Machi: Kasi ya feni

Vipimo vya joto vimetosha, sasa mlio. Nilizifungulia feni zote zijiendeshe, na matokeo yalikuwa mabaya kwa sikio. Feni za darini nilikuwa nimeziunganisha kwa waya wa mgawanyo kwenye plagi moja ya mazabodi, zikifuata joto la prosesa. Kila nilipofungua ukurasa wa intaneti, prosesa iliruka nyuzi 15 kwa sekunde moja, feni zikapiga kelele, zikashuka, zikapiga tena. Na nilipoipa kadi kazi nzito huku prosesa imetulia, feni za darini zilibaki zimelala kabisa, kwa sababu mazabodi haijui lolote kuhusu kadi.

Marekebisho mawili. Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mazabodi) niliweka ucheleweshaji wa kupanda kwa feni ya prosesa. Mruko wa sekunde moja hauna maana yoyote kwa kipoza chenye uzito wake. Joto halijafika hata kwenye mapezi. Feni za darini nikaziondoa kwenye uamuzi wa mazabodi, nikazikabidhi kwa programu inayosoma joto la kadi na la prosesa na kufuata lililo kubwa. Chini ya nyuzi 50 zinakaa asilimia 35, na hazizimi kamwe, kwa sababu zikizima mtiririko wa darini unapotea na joto linajikusanya kimyakimya.

Kwa anayetumia waya wa mgawanyo: hakikisha feni moja tu ndiyo inarudisha waya wa kuhesabu mizunguko, la sivyo mazabodi itasoma namba za ajabu. Na angalia plagi inaruhusu mkondo kiasi gani. Nyingi ni ampea 1, na feni zangu mbili hazifiki hata nusu yake.

Jambo la hesabu linalostahili kukumbukwa: ukishusha kasi ya feni hadi asilimia 80, hewa inabaki 80, lakini nguvu inayoliwa inashuka hadi karibu nusu, na mlio unapungua takriban desibeli 5. Ndiyo maana nilipigania kila nyuzi huko nyuma. Kila nyuzi niliyoiokoa sasa naibadilisha kwa ukimya.

30 Machi: Kupunguza moto wenyewe

Hatua hii ningeifanya mapema zaidi kama ningekuwa na haraka, lakini sikutaka ifiche makosa ya kasha. Niliishusha kadi kutoka wati 170 hadi 140 kwa amri ya `nvidia-smi -pl 140`, na kwenye BIOS nikaweka kikomo cha prosesa wati 60 badala ya 76. Amri ya kadi husahaulika ukizima mashine, kwa hiyo nimeiweka ijiendeshe kila inapowaka.

Mchezo ninaoupimia ulikuwa unatoa fremu 97 kwa sekunde. Sasa unatoa 93. Kazi ya kubana video iliyochukua dakika 20 inachukua 21 na nusu. Na joto, feni zikiwa zimefungwa kasi ileile ya majaribio: prosesa +37, kadi +36, SSD +29.

Nilifungua tena feni zijiendeshe. Kwenye mzigo kamili naisikia hewa, siisikii mashine.

12 Aprili: Vichujio

Nimeweka wavu wa nailoni wenye sumaku kwenye vifuniko na sakafu. Wa kwanza ulikuwa mwembamba sana, ule unaoshika hata unga: kadi ikapanda nyuzi 6. Nimerudi kwenye wavu wenye macho makubwa, unaoshika nyuzi za nguo na mabonge ya vumbi na kuacha vumbi laini lipite. Kadi +38, prosesa +38. Nimekubali nyuzi hizo moja mbili.

24 Mei: Wiki sita baadaye

Leo kabla ya kusafisha nilirudia jaribio la dakika 30: kadi +42, prosesa +41. Wavu wa upande wa kadi ulikuwa na duara mbili za kijivu, zimechorwa sawasawa mbele ya kila feni, na nje ya pete ya povu wavu ulikuwa karibu msafi. Nimepiga picha, kwa sababu ni ushahidi ambao uzi wangu usingeweza kuutoa: feni zinavuta pale tu nilipotaka zivute.

Nimesuuza wavu kwa maji, nikaukausha kivulini, nikarudisha. Kadi +38. Povu halijasogea, gundi imeshika, miguu imara. Nitakuwa nasafisha kila wiki nne.

Jumla ya vilivyotumika tangu mwanzo: feni mbili za darini, feni moja ya prosesa badala ya iliyoharibika, kipande cha povu la EVA, pedi moja ya joto, wavu mara mbili, mbao, skrubu, na jioni kumi na nne.